Kaburi ndani ya glasi: dizati ya kutisha ya Halloween bila kuwasha ovena

Kila ikikaribia tarehe 31 Oktoba naulizwaga swali lile lile, nitengeneze nini cha kutisha ambacho hakihitaji ovena na watu watakila kweli, na jibu langu halijabadilika: tengeneza kaburi ndani ya glasi. Udongo, damu, kidole kinachochomoza, jiwe la kaburi juu, basi. Naipenda hii kuliko zote kwa sababu vitu vinavyoingia humo vinafanana na unachotaka kukionyesha hata kabla hujavigusa. Biskuti nyeusi ikisagwa ni udongo, huna haja ya kuipaka chochote. Rasiberi zikichujwa ni damu. Laichi ya kopo, lile tunda jeupe la mviringo, ukiitazama vizuri ni jicho. Sasa ukianza na vitu vya namna hiyo hauingii kwenye ule mtego wa kumwaga rangi ya chakula kila mahali mpaka krimu inakuwa kijani, ndimi zinakuwa buluu na ladha inakuwa chungu, maana rangi hasa nyeusi na nyekundu ukizidisha zinaleta uchungu kabisa, na mtoto akionja kijiko kimoja anairudisha mezani.

Kwaiyo kanuni yangu kubwa ni hiyo, chagua kitu kinachofanana chenyewe, alafu kifanye kiwe kitamu. Mtu akishtuka akicheka akala yote akakwangua glasi, hapo umefanya kazi. Akishtuka akapiga picha akaiacha, umepamba meza tu.

Haya twende jikoni. Vipimo hivi vinatosha glasi ndogo 8 za kama mililita 200, na hakikisha zinaonyesha ndani, hilo ni muhimu kwa sababu nusu ya utisho wa kaburi uko pembeni, pale mtu anapoona tabaka za udongo na damu inavochuruzika kwenye kioo.

Unahitaji chokoleti nyeusi gramu 200, krimu ya kupiga mililita 500, biskuti nyeusi za kakao zile zenye krimu nyeupe katikati (aina ya Oreo) kama gramu 300, rasiberi za kugandishwa gramu 250, sukari ya aising, limau, chumvi kidogo, na biskuti za kawaida za mstatili zitakazokuwa mawe ya kaburi. Krimu soma pakiti, iwe na mafuta kuanzia asilimia 35 ndo vizuri, chini ya asilimia 30 utaipiga mpaka mkono ukatike na bado itabaki maji maji.

Tunaanza na chokoleti kwa sababu inahitaji muda wa kupoa. Ikatekate vipande vidogo sana, weka kwenye bakuli kavu, na nikisema kavu namaanisha kavu kweli, tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka peke yake chembe za sukari na kakao zinashikana na inageuka kuwa uji mgumu wa chenga chenga. Pasha krimu mililita 200 mpaka ianze kutoa povu pembeni ya sufuria, usiichemshe ikapanda, imwage juu ya chokoleti, acha dakika 2 bila kugusa, alafu anza kukoroga taratibu kutoka katikati kwenda nje mpaka ing'ae. Weka na chumvi nusu ya kijiko cha chai. Mtu anaweza kushangaa mbona hapa maji ya kwenye krimu hayaharibu chokoleti, ni kwa sababu yako mengi, tatizo ni yakiwa kidogo. Na ndo maana hata ile iliyoshikana ukiiongezea krimu ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga inarudi kuwa laini, haitafaa tena kuchorea lakini kwa kazi hii inafaa kabisa.

Wakati hiyo inapoa, piga ile krimu mililita 300 iliyobaki. Bakuli na mipigio viweke friza kwanza dakika 15, krimu nayo itoke friji moja kwa moja, ongeza vijiko viwili vikubwa vya sukari ya aising, piga mpaka ukiinua mpigio ncha inasimama ila inajikunja kidogo juu. Ishia hapo hapo. Ukiendelea inaanza kuwa na chembe na safari ya siagi imeshaanza.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini kuliko kote. Chokoleti iwe vuguvugu, ukiweka tone kwenye mdomo wa chini usisikie moto wala baridi. Ikiwa ya moto itayeyusha krimu yote uliyoipiga, ikiwa ya baridi sana itaganda vipande vipande ndani ya krimu. Chukua theluthi ya krimu uichanganye kwenye chokoleti bila kuogopa, hiyo ya kwanza kazi yake ni kuilainisha tu, alafu iliyobaki ikunje taratibu kwa mwiko wa mpira, unapita chini unarudi juu, unazungusha bakuli, mpaka michirizi meupe iishe. Sipendi kutumia mayai mabichi hapa japo mapishi mengi ya namna hii yanayo, kwenye pati kuna watoto, kuna wajawazito, kuna wazee, krimu peke yake inatosha kuleta ule wepesi.

Udongo. Tenganisha biskuti, kwangua ile krimu nyeupe uiweke pembeni kwenye bakuli, usiitupe, ina kazi yake. Weka biskuti kwenye mfuko mzito wa plastiki zigonge na chupa, na usisage zote sawasawa, acha vipande vipande kama punje za mawe kwa sababu udongo halisi hauko laini kama unga wa blenda. Watu wengi wanasaga biskuti na krimu yake, inakuwa majivu majivu yanayoshikana, hiyo haiwi nyeusi. Ukitoa krimu unapata udongo mkavu mweusi tii.

Damu ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Yeyusha rasiberi, zisage, chuja kwenye chujio laini mbegu zibaki juu, ongeza sukari ya aising kama gramu 60 na kijiko cha chai cha limau. Ukiitazama utaona ni nyekundu nzuri lakini inaelekea pinki, ni sosi ya tunda hiyo, sio damu. Siri ni kakao. Robo kijiko cha chai cha unga wa kakao, unaukoroga kwanza na sosi kidogo pembeni usije ukaacha madonge, alafu unairudisha yote, na hapo hapo rangi inazama inakuwa nzito ya kuogopesha. Hamna rangi ya chakula hata tone na ladha imekuwa bora zaidi, rasiberi na kakao zinapendana. Kama haishiki kwenye kioo ni nyepesi mno, changanya na jamu ya rasiberi iliyochujwa vijiko viwili.

Kupanga glasi: udongo chini kidole kimoja, kisha chukua kijiko kidogo cha damu uipitishe kwenye ukuta wa glasi ndani ili ichuruzike yenyewe, isiwe kote, sehemu mbili tatu tu, alafu chokoleti, damu tena kidogo katikati, chokoleti. Funika, weka friji masaa yasiyopungua 4, mi naifanya usiku wa kabla ya pati na nalala bila wasiwasi. Udongo wa juu USIUWEKE SASA. Biskuti ikilala kwenye friji juu ya krimu inanyonya unyevu, asubuhi unakuta tope badala ya udongo. Ule wa chini ukilainika sio shida, unakuwa kama keki, ila wa juu lazima uwe mkavu ukatike mdomoni.

Rudi kwenye ile krimu nyeupe ya biskuti uliyoikwangua. Ikande na sukari ya aising mpaka iwe ngumu ya kufinyangwa, inakuwa udongo wa mfinyanzi kabisa. Hapo unatengeneza vidole vya mifupa: vingirisha vipande vyembamba, bonyeza kidogo kwenye viungo, ncha ya juu weka kucha. Kucha nzuri ni kipande cha lozi, lakini lozi na karanga ni vitu vya kuuliza kabla, mzazi akikwambia mwanae ana aleji chukua kwa uzito na usitumie hata kisu kilichokata lozi. Mbegu ya boga inakaa vizuri pia na Halloween ni sikukuu ya boga kwaiyo haijapotea njia. Soma na pakiti za biskuti zenyewe, nyingi zina ngano na soya na maziwa.

Mawe ya kaburi ni zile biskuti za mstatili, ncha mbili za juu zisugue kwa kisu cha meno upate umbo la mviringo, andika kwa chokoleti iliyoyeyuka. Kama unataka kuipaka rangi chokoleti nyeupe tumia rangi ya mafuta au ya unga, ile ya maji itaifanya ishikane palepale kama nilivoeleza juu. Usiandike majina ya wageni kwenye makaburi. Najua watu wanafanya na wanaona inafurahisha, mi siwezi, huwezi kujua nani kazika mtu wake juzi na bado anajikaza kuja kwenye furaha. Andika herufi tu au chora msalaba, popo, fuvu, inatosha.

Na sasa jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: taa. Pati ya Halloween taa zinakuwa chini, mishumaa, labda balbu za zambarau, na dizati yako ni nyeusi kwenye glasi kwenye meza yenye kitambaa cheusi. Haionekani! Ndo maana kile kidole cheupe kina umuhimu kuliko mapambo mengine yote, jicho la mtu linakimbilia kwenye cheupe. Kabla hujamaliza zima taa ya jikoni, washa mshumaa mmoja, simama hatua kadhaa, tazama. Usichokiona hapo toa, kinakumalizia muda. Mimi naacha kidole, jiwe na utando wa buibui, vingine vyote nimeviacha.

Utando wenyewe ni mashimelo (zile peremende laini za kuvutika), weka machache kwenye bakuli ndani ya maikrowevu sekunde 15 mpaka 20, yanavimba, koroga, subiri yapoe kiasi cha kushika kwa sababu sukari ya moto inaunguza vibaya na inang'ang'ania ngozi, hii kazi ni ya mtu mzima. Paka vidole mafuta kidogo, bana donge dogo kati ya vidole vya mikono miwili, vuta, nyuzi zinatoka, zipitishe juu ya glasi kutoka jiwe hadi ukingoni. Haihitaji ustadi, ukivuta ovyo ndo unapendeza zaidi. Kumbuka mashimelo mengi yana jelatini inayotokana na nguruwe au ng'ombe, kama kuna wageni Waislamu au wasiokula nyama tafuta ya halali au ya mimea, na kama hujui uliza kabla ya siku yenyewe.

Macho ya laichi nayatoa kwenye sahani ya pembeni. Laichi za kopo zisizo na kokwa, zichuje, zikaushe vizuri na taulo ya karatasi, ndani weka tone la ile damu, alafu bluberi moja ichungulie kwenye tundu. Fanya hii saa moja tu kabla maana zinatoa maji. Kwa watoto chini ya miaka 5 usiwape nzima hata kidogo, vitu vya mviringo laini ndo vinavyokaba koo, zikate vipande virefu vidogo, na mashimelo vilevile. Vijiti vya meno usivifiche ndani ya chakula chochote kwenye chumba chenye giza.

Kuna wanaoniuliza kuhusu barafu kavu (kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, sio barafu ya maji) kwa ajili ya ule moshi. Inapendeza ila ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri na haitakiwi kuingia mdomoni wala kuguswa na mkono mtupu, kwaiyo isikae ndani ya glasi ya kuliwa kamwe, iwe kwenye chombo kingine chini ya trei, dirisha likiwa wazi kwa sababu inatoa hewa ya kaboni. Kukiwa na watoto wanaokimbia kimbia mi naiacha kabisa.

Siku yenyewe: toa glasi friji dakika 10 kabla ya kuzipeleka mezani, mwaga udongo wa juu, chomeka jiwe kwa nyuma, kidole mbele kikiinama kidogo kana kwamba kinasukuma, utando, tone la mwisho la damu kwenye ncha ya kucha. Zipeleke zote kwa pamoja kwenye trei moja zikiwa zimesongamana, glasi moja moja zikitawanyika hazitishi, zikiwa nane ni makaburini. Zisikae nje zaidi ya masaa 2, kuna krimu humo. Zikibaki ambazo hazijaguswa toa jiwe na kidole, funika, rudisha friji na ule ndani ya siku mbili, au zichanganye zote kwenye chombo kimoja uweke friza, kesho yake unachota kwa kijiko cha aiskrimu.