Mafuta ya samaki na vidole vya Mama Z.

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina baridi yabisi. Vidole huvimba, na asubuhi hata kifungo cha gauni kinanishinda. Mwanangu kaniletea vidonge vya mafuta ya samaki, eti vinaongeza kinga. Wiki mbili sasa, sioni kitu. Niendelee? – Mama Z.

JIBU: Shikamoo, mama. Mwanao ana nia njema, ila kuongezewa kinga si shida yako. Katika baridi yabisi kinga imeshapita kiasi, inashambulia viungo vyako yenyewe.

Mafuta tunayokula hayaishii kiunoni. Sehemu yake huingia kwenye utando wa seli nyeupe za damu. Seli ikishtuliwa, huchomoa asidi ya mafuta kutoka kwenye utando huo na kuigeuza kuwa kemikali ya kupeleka habari kwa seli nyingine. Mara nyingi asidi iliyojaa pale ni arakidoniki, ya kundi la omega-6, na humo hutoka prostaglandini E2, inayochochea maumivu na uvimbe. (Aspirini huziba njia hiyohiyo, mtafiti John Vane alilionyesha hilo mwaka 1971.) Ukila omega-3 za samaki, yaani EPA na DHA, zinachukua baadhi ya nafasi hizo. Kemikali zitokanazo na EPA kwa kawaida ni hafifu zaidi, na kutokana na zote mbili mwili hutengeneza rezolvini, zinazosaidia uvimbe kutulia. Kinga haijapanda hapo; kilichobadilika ni malighafi yake.

Utando huo hubadilika polepole, kwa hiyo wiki mbili ni mapema mno. Majaribio mengi kwa wagonjwa wa baridi yabisi yalitumia takriban gramu 3 za EPA na DHA kwa siku, kwa miezi kama mitatu, na nafuu ilikuwa ya wastani tu. Sasa geuza chupa usome nyuma. Ile miligramu 1,000 ya mbele ni uzito wa mafuta yote. Kidonge cha kawaida kina EPA miligramu 180 na DHA miligramu 120, jumla 300. Piga hesabu: vidonge kumi kwa siku! Usivimeze kwa kujiamulia, maana dozi kubwa huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni lazima daktari wako ajue kwanza.

Mbegu za kitani? Nzuri, lakini omega-3 yake ni nyingine, na mwili huigeuza kidogo sana kuwa EPA.

Dawa ulizoandikiwa kliniki usiziache hata siku moja. Na chupa hiyo nenda nayo wakuone.