Intaneti huzimwaje?

SWALI: Serikali ikizima intaneti, huwa imekata nyaya?

JIBU: Mara chache. Huweza kuwaamuru watoa huduma waondoe matangazo yao ya BGP (utaratibu ambao mitandao hutumia kuelekezana njia), yanayozijulisha ruta za dunia, yaani mitambo inayoelekeza data, njia ya kufikia anwani zao. Misri ilifanya hivyo usiku wa kuamkia 28 Januari 2011. Huduma ilirudi 2 Februari. Kampuni za intaneti zikiwa chache, serikali kuzipigia simu kadhaa tu kwatosha. Hapo hata VPN, programu inayopitisha data yako kwa siri kupitia kompyuta nyingine, haifui dafu: pakiti, yaani vipande vya data, hazina pa kupita.

Kufungia tovuti moja ni kitu kingine. Mara nyingi DNS ya mtoa huduma, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, hutoa jibu la uongo. Kubadili DNS kwenye mipangilio ya simu huweza kusaidia, ila maombi ya DNS yasiyosimbwa (yasiyofichwa kwa msimbo), yapitayo poti 53, mlango wa kawaida wa DNS, huweza kunaswa njiani. Washa DNS iliyosimbwa.