Nyumba ya Bibi Haikuwa ya Mjerumani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Majengo ya kale ya Dar es Salaam yatunzwe, au yapishe maghorofa?" Nililisoma swali nikiwa ndani ya daladala ya Chanika, nimesimama, nimeshika bomba, na kwa hasira nikapitiliza kituo. Swali lenyewe halina ubaya. Kilichoniudhi ni picha mlizoliwekea: makanisa ya Mjerumani ya Azania Front na St. Joseph, hospitali yake ya Ocean Road, na Boma la Kale. Hayo nani asiyeyajua? Na nani mwenye moyo wa kupeleka kijiko kwenda kugonga Azania Front? Mimi naomba nijibu lingine: nyumba zetu sisi mbona hazimo kwenye picha?

Nasema nyumba ya Kiswahili. Mtu wa Ilala, Magomeni au Temeke hana haja ya maelezo, ila wapo vijana waliozaliwa kwenye apatimenti, basi wasikilize. Mbele baraza. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi umenyooka hadi uani, vyumba vitatu mkono huu, vitatu mkono ule. Uani jiko, choo, kamba ya nguo. Mwenye nyumba analala kimoja, vingine anapangisha, na hivyo ndivyo wajane wengi wa mji huu walivyokula bila kumpigia mtu magoti.

Sheria haizijui nyumba hizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kile kilichojengwa kabla ya 1863. Sasa piga hesabu. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka hiyo ya 1860, na Boma la Kale lenyewe ni la 1866 na 1867. Kwa hiyo mji karibu mzima umezaliwa umechelewa! Makaburi ya Kunduchi, yale ya nguzo zilizopachikwa vyombo vya Kichina, yamo. Mengine yote yanangoja Waziri ayatangaze, na anayetangaziwa huwa ni nani? Wakoloni walitugawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili tusisogeleane. Leo mkitaja "majengo ya kale" mnapiga picha Uzunguni, kidogo na Uhindini, mkifika Mnazi Mmoja mnageuza. Kariakoo, iliyopewa jina na wapagazi wa Carrier Corps wa Vita Kuu ya Kwanza, kwenu ni soko tu.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa hukohuko Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi. Bibi alikuwa Mzaramo wa Maneromango, aliyeolewa mjini. Mume akafa mapema, akamwachia nyumba na watoto wanne. Ilivunjwa 2004, miaka miwili baada ya yeye kufariki, na siku hiyo nilikuwepo tangu asubuhi.

Walianza na bati. Saa tatu vyumba vyote vilikuwa vimejaa jua, na nilishangaa jinsi vilivyokuwa vidogo. Kisha wakaja kutoa kabati la bibi, lile zito ambalo hatukuwahi kuliona likisogezwa. Nyuma yake ukutani palikuwa na maandishi ya mkaa, mistari kwa mistari, kwa herufi za Kiarabu. Bibi hakusoma shule, alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na Kiswahili chake alikiandika hivyohivyo. Sisi wajukuu tulibaki kukodoa macho. Mjomba akavaa miwani akaanza kutusomea, kidole ukutani, taratibu: chumba cha tatu, shilingi ishirini, amelipa. Chumba cha nne, amelipa. Chumba cha tano, amelipa kumi, bado kumi.

Mpangaji wa chumba cha tano alikuwa palepale mlangoni, mzee fundi cherehani, anasubiri guta la kuhamishia mashine yake. Watu wote tukamgeukia. Akasema bila haraka, "Hiyo kumi nililipa kwa kanzu. Mama yako alinishonesha kanzu, hakunipa hela." Mjomba akavua miwani, akaipangusa, akairudisha mfukoni. Kanzu yenyewe ilikuwa ya mjomba, ya harusi yake. Tulicheka hadi vijana wa kubomoa wakasimamisha kazi kutaka kujua kuna nini.

Hakuna aliyepiga picha ukuta ule. Simu zetu wakati ule zilikuwa na tochi, kamera hazina. Lakini tungeweza kunakili. Kalamu ilikuwepo, daftari lilikuwepo, mjomba alikuwepo na bado anaona. Tulisimama tunacheka, kijana akauliza, "Mmemaliza?" tukamwambia tumemaliza.

Ukuta ulipoanguka nilipata aibu nyingine ndogo. Tangu utoto tuliwaringia majirani kwamba nyumba yetu ni ya mawe. Kumbe saruji ilikuwa koti tu la nje, la unene wa kidole, lenye rangi ya krimu. Ndani ni fito, udongo mwekundu na nguzo za mikoko ya Rufiji. Ila ile mikoko, Mhariri! Kijana aliipiga shoka mara tatu, shoka likawa linaruka. Mchwa hakuigusa miaka yote hiyo. Waling'oa nguzo nzimanzima, na kabla ya adhuhuri mtu wa guta alishazinunua.

Sasa niseme jambo ambalo nilipoanza kuandika sikukusudia kulisema. Kwenye karatasi za mauzo sahihi yangu imo. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri, na mimi ndiye niliyeshika kidole gumba chake nikakichovya kwenye wino, nikakibandika pale mnunuzi alipoweka alama ya penseli. Chini yake nikasaini kama shahidi. Mkono haukutetemeka. Nilikuwa nawaza choo cha shimo kilichojaa, bati lililotoboka, na vikao vya Jumapili ambavyo kila mara viliishia kwa mjomba mmoja kumuuliza mwenzake kodi ya Machi iko wapi. Nyumba ya warithi kila mtu anaidai chumba, anayeipaka chokaa hayupo.

Fedha ziligawanywa kwa mirathi ya Kiislamu, wajomba mafungu mawili mawili, mama na mama mdogo fungu moja moja. Kwa fungu la mama tulipata kiwanja hiki cha Chanika na nyumba ya vyumba vitatu, ya tofali kweli safari hii. Macho yake yalifanyiwa upasuaji. Ningesema nini? Kama mwaka ule angekuja ofisa akabandika tangazo kuwa nyumba ya bibi ni urithi wa taifa, marufuku kuuza, marufuku kuongeza hata tofali, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kulichana.

Kwa hiyo hasira yangu imepungua kidogo tangu kule juu, na jibu langu ni hili: yatunzwe. Lakini si kwa mgongo wa warithi. Serikali ichague nyumba za Kiswahili chache, tuseme safu moja Ilala au Magomeni, inunue kwa bei ya soko, si kwa bei ya tathmini tunayoijua, na wapangaji waachwe waendelee kuishi humo, maana nyumba ile bila wapangaji ni korido tu. Najua mtaniambia ipo nyumba ya Mwalimu Nyerere kule Magomeni. Ipo, nimeingia, imetunzwa vizuri, na ni nyumba ya kawaida ya chini kama za majirani. Lakini imetunzwa kwa sababu ya aliyelala humo. Mimi naomba na ya yule wa chumba cha tano. Zilizobaki zikivunjwa zivunjwe, sitamlaumu mtu, nitamlaumu kwa haki gani? Ila kwanza waje wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi na futi zao, wapime, wachore, na kabati lolote zito walisogeze.

Kitu kimoja nilikichukua siku ile: mlango wa mbele, mbao mbili za mninga na komeo lake la chuma. Mjomba alisema tumwachie mnunuzi, nikakataa, nikalipa gari hadi huku. Hakuna mlango wa nyumba yetu uliokuwa na upana ule, kwa hiyo upo kwenye banda la kuku. Mwezi uliopita alikuja mtu anayekusanya milango ya zamani kwa ajili ya mahoteli. Aliuzunguka, akaupapasa, akaondoa kinyesi cha kuku kwa ukucha ili aione mbao, akaniambia laki tatu. Nikamwambia hauuzwi. Akaniachia namba ya simu.

Namba sijaifuta.

Msomaji wenu,
Mama wa Chanika, zamani Mtaa wa Mchikichi