Maswali Yenu: Nilibarikiwa Iringa, kwa nini hospitali ya Marekani inadai barua nyingine?

SWALI: Mama Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nilibarikiwa kuwa mchungaji katika KKKT Dayosisi ya Iringa, nikatumika sharika mbili kwa miaka 11. Sasa nina miaka 3 hapa Saint Paul, Minnesota, nahudumia wazee katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Wazee wenyewe huniita niwaombee. Muuguzi mkuu akanidokeza kwamba hospitali ya jirani inatafuta kapelani, yaani mchungaji wa kuhudumia wagonjwa, nikaomba. Wakaniambia nilete barua ya kanisa inayoniidhinisha kwa kazi hiyo. Nikapeleka cheti changu cha kubarikiwa, kina sahihi ya askofu na mhuri wa dayosisi. Wakakirudisha. Nimeumia sana. Kwani nilipowekewa mikono, niliwekewa kwa ajili ya Iringa peke yake?
Mchungaji, Saint Paul

JIBU: Amina, mchungaji mwenzangu, na kamwene. Mimi ni mtu wa Machame, lakini salamu hiyo nilifundishwa na mama mmoja wa Kilolo niliyekuwa nikimtembelea akiugua hapa Minneapolis, na tangu alipofariki naitumia kila nipatapo Mhehe wa kumpa.

Hapana, uliwekewa mikono kwa ajili ya Kanisa lote. Hilo hakuna aliyelitilia shaka. Ila cheti kinasema jambo lililotendeka siku moja, miaka mingi iliyopita. Barua wanayoitaka inasema habari za leo: kwamba lipo kanisa linalokujua sasa hivi, kwamba huna shauri la nidhamu, kwamba umepimwa kwa kazi ya kando ya kitanda, na kwamba ukikosea kuna mlango ambao mgonjwa au ndugu zake wanaweza kwenda kuubisha. Mimi naiita barua ya udhamini. Hata nyumbani, mtu akikopa benki, picha yake na kitambulisho havitoshi, lazima aje mtu aseme, huyu ni wangu, akishindwa niulizeni mimi.

Nakueleza nilichokiona kwa macho yangu. Katika nyumba moja ya wazee nilikokuwa naingia kila Alhamisi, alikuja mtu aliyejiita mchungaji, mpole, ana sauti nzuri ya kuimba. Tulimpenda. Akamwambia bibi mmoja mwenye kisukari kwamba sindano za insulini ni kukosa imani. Bibi akaanza kuzikataa. Wauguzi waligundua siku ya tatu, amekwisha kulegea, akakimbizwa hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Binti yake akauliza, kanisa la mtu huyu liko wapi, nani mkubwa wake? Tukafungua faili lake tukakuta barua nzuri ya utambulisho, na sahihi ya chini ilikuwa yake mwenyewe. Hakukuwa na askofu, wala baraza la wazee, wala kamati. Binti yule alisimama ofisini na hasira yake, hana pa kuipeleka.

Muumini wa usharika akichoka na mchungaji wake anaweza kuhamia usharika wa pili. Mgonjwa mwenye mpira puani hana pa kuhamia. Unamkuta amelala, amevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, nawe unaingia na Biblia umesimama. Nguvu zote ziko kwako. Ndiyo maana mimi siioni barua hii kama karatasi ya kusumbua wageni, ingawa nami ilinitoa machozi.

Kwa kapelani wa jeshi, wa hospitali za maveterani na wa magereza ya serikali kuu, jambo hili halina mjadala. Katiba ya Marekani, kwa marekebisho yaliyopitishwa mwaka 1791, inaikataza serikali kuanzisha dini, kwa hiyo serikali haiwezi kujiamulia nani ni mchungaji wa kweli na nani si wa kweli. Inaliachia kanisa liseme. Na kanisa likiiondoa idhini yake, kazi imekwisha hata kama mkuu wako anakupenda. Hospitali za watu binafsi zina uhuru zaidi, lakini nyingi hutaka kapelani aliyethibitishwa na chama cha taaluma, na idhini ya kanisa ni moja ya masharti ya uthibitisho huo.

Sharti jingine, na hili ndilo litakalokula muda wako, ni mafunzo ya uchungaji wa kitabibu, wenyewe wanayaita CPE. Mwanzo wake ni mwaka 1925, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, na mwanzilishi wake ni mchungaji Anton Boisen, ambaye miaka michache nyuma alikuwa yeye mwenyewe mgonjwa wa akili, amelazwa. Alisema mgonjwa asomwe kwa makini kama kitabu kinavyosomwa. Sehemu moja ya mafunzo ni saa zisizopungua 400, na Chama cha Makapelani wa Kitaaluma kinataka sehemu 4, shahada ya uzamili ya teolojia au inayolingana nayo, kisha saa 2,000 za kazi. Usiogope hesabu hiyo. Zipo hospitali zinazochukua mwanafunzi kwa mwaka mzima na kumpa posho, naye humaliza sehemu 3 au 4 kwa mwaka huo.

Huko utaandika mazungumzo yako na mgonjwa neno kwa neno, uyasome mbele ya wenzako. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye saratani ya kongosho. Aliniambia, "Naogopa usiku." Nikafumba macho papo hapo nikaomba, sala ndefu, ya Kimachame kabisa. Mwalimu wangu alisoma karatasi yangu akaniuliza, sala ile nilimwombea mzee, au nilijiombea mimi nipate kutoka chumbani? Nilikaa kimya. Nilikuwa na miaka 6 ya usharika, nimezika watu wengi, na sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja usiku wake ukoje.

Sasa la kufanya. KKKT na ELCA, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la hapa Marekani, wote wamo katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, na Iringa na sinodi ya Saint Paul, ambayo ni kama dayosisi kwetu, wana undugu wao wa Bega kwa Bega. Undugu huo utakufungulia mlango, lakini hautakupa idhini. Nenda ofisi ya sinodi, omba kupokelewa kama mchungaji kutoka kanisa jingine la Kilutheri. Utapitia kamati ya watahiniwa. Wakati huohuo andikia dayosisi yako, uombe barua yenye tarehe ya kubarikiwa, sharika ulizotumika, na maneno ya wazi kwamba huna shauri lolote. Usitume ujumbe wa simu ukakaa. Mimi nilikuwa naamka saa nane usiku ili nimpate katibu ofisini saa tano asubuhi ya kwao, naye ananiuliza, "Barua ya nini tena mama, si tulikubariki?" Nilimweleza mara nne. Kwangu ilichukua miezi 14 tangu kuomba hadi kuidhinishwa.

Cheti chako cha Makumira, au cha chuo chochote ulichosoma, kipeleke kwa shirika la kulinganisha vyeti mapema. Hapo watu hupoteza mwaka mzima.

Siku ya kamati yangu walikuwa watu watano mezani. Nilijiandaa kwa maswali ya Luther. Mama mmoja akauliza, "Ukimkosea mgonjwa leo mchana, jioni utamwambia nani?" Sikuwa na jina la kutaja. Nilikuwa na miaka miwili nchini, nahubiri huku na huku, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia nimekosea. Walinirudisha kwa miezi mitatu nikatafute mchungaji wa kunilea. Nikampata, mstaafu, tukawa tunakutana kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Wewe anza na huyo, kabla ya barua zote.

SWALI: Mimi ni mwinjilisti, niko Moshi. Natamani kufanya ushauri wa kichungaji kwa wagonjwa. Je, mpaka niende Marekani?
Mwinjilisti, Moshi

JIBU: La, mwanangu. Uko hatua chache tu kutoka hospitali ya KCMC, na hapo wachungaji wamekuwa wakifundishwa kazi hii wodini, kwa lugha yetu na kwa wagonjwa wetu. Zungumza kwanza na mchungaji wako wa usharika, akupeleke kwa mkuu wa jimbo, kisha uende KCMC uulize ofisi ya mchungaji wa hospitali. Ukienda peke yako watakuuliza nani amekutuma.