Jibu: ziwa na majengo ya zamani, Bukavu hadi Lwiro

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kupiga picha za Ziwa Kivu na majengo ya zamani, kutoka Bukavu hadi Lwiro, mashariki mwa Kongo. Inatosha, ila usianzie mjini. Toka Bukavu saa kumi na mbili asubuhi, pitia Miti na Kavumu, kisha uache barabara kuu upande Lwiro. Ni kama kilomita 45. Kipande cha mwisho ni udongo mtupu: mvua ikinyesha pikipiki inateleza, na mvua ya huku hupenda mchana. Ndiyo sababu ya kuwahi.

Lwiro usikose. Kituo cha utafiti cha hapo kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC (Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi Afrika ya Kati), na ukubwa wa majengo yake katikati ya mashamba ya eneo la Kabare unashangaza. Omba ruhusa ofisini kabla ya kutoa simu kupiga picha. Uliza pia maktaba na makusanyo: kuna nyoka na samaki ndani ya chupa, karatasi za majina zimeandikwa kwa mkono.

Kurudi, shuka ufukweni Katana. Jioni wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, husukuma mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu; kaa upande wa jua, la sivyo picha inakuwa nyeusi.

Nyumba za pembe za mviringo za Avenyu Lumumba, mjini Bukavu, ziache kesho yake asubuhi. Madaraja, uwanja wa ndege na askari usiwapige picha kabisa, simu itachukuliwa. Na hali ya usalama iulize siku ileile, kwa madereva wa njia hiyo.