Usimpige elki mahali usipoweza kumtoa

Wiki hii mmetuuliza wasomaji tulio ughaibuni: ni ujuzi gani wa wenyeji umejifunza huko, na ungemwambia nini anayeanza? Langu ni kuwinda elki (mnyama wa jamii ya kulungu, ila mkubwa zaidi) na kulungu katika milima ya Montana, Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo kazi hii nimeijulia hapa Missoula, pamoja na shemeji zangu na majirani kadhaa kutoka Kongo, maana mji huu umekuwa ukipokea wakimbizi wa Kongo tangu 2016. Mtu akishakaa siku 180 katika jimbo hili, anahesabiwa mkazi na anaweza kuomba leseni ya wakazi. Aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 lazima kwanza apite mafunzo ya wawindaji. Msimu wa bunduki hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba na hudumu wiki tano. Katika wiki hizo ndimo familia nyingi za hapa zinapotafuta kitoweo cha mwaka mzima.

Neno langu kubwa kwa anayeanza ni hilo la kichwa cha habari. Watu wanabishana miezi na miezi kuhusu bunduki gani ni nzuri na darubini gani inaona mbali, ilhali risasi yenyewe ni kitendo cha mara moja. Elki dume aliyekomaa huzidi kilo 300. Hupenda kujipumzisha kwenye makorongo yenye giza, kwenye misonobari iliyoangukiana, kilomita kadhaa kutoka barabarani. Mzee jirani aliyetufundisha, mnyama akionekana, huuliza swali moja tu: "Utapita naye wapi?" Ukikosa jibu, unashusha bunduki. Nimemwona akimwacha dume mwenye pembe kama matawi ya mbuyu, kwa sababu alisimama chini ya genge na jua limeshazama. Niliheshimu uamuzi ule kuliko mawindo mengi niliyowahi kuyaona.

Kabla ya kufika huko, kuna upepo. Elki anaweza kukuona akabaki amesimama, anaweza kukusikia akadhani ni mwenzake, lakini akikunusa tu, kundi zima linavuka mlima na hulioni tena siku hiyo. Milimani hewa ina desturi yake: alfajiri, ikiwa bado ya baridi, huteremka bondeni, jua likishapasha mteremko, huanza kupanda. Kwa hiyo kukipambazuka mfuate mnyama ukitokea chini, na jua likikolea uzunguke umjie kwa juu. Beba kichupa cha unga laini na upulize kidogo kila mara uone unaelekea wapi. Na wewe pia tumia pua. Kundi la elki linanuka kama zizi la ng'ombe, na mara nyingi harufu ndiyo inayokuambia kwamba wako nyuma ya kile kichaka.

Septemba ni msimu wa upinde, na ndio wakati madume wanatafuta majike. Dume hupiga mbinja ndefu inayopanda juu na kumalizikia kwa mikoromo, na wawindaji huiga sauti ile kwa bomba la plastiki. Shemeji yangu mmoja ni fundi hasa wa bomba hilo. Asubuhi moja alipiga mbinja, akajibiwa kutoka ng'ambo ya kijito. Akapiga tena, akajibiwa kwa ukali zaidi. Akavunja vijiti, akakwaruza gome la mti kwa fimbo kama dume anayesugua pembe, na huyo wa pili naye akavunja vijiti na kukwaruza gome. Walijibizana hivyo karibu saa nzima, kila mmoja akinyata kumsogelea mwenzake, mpaka shemeji alipochungulia nyuma ya msonobari akakutana uso kwa uso na mwanamume mwenye ndevu, upinde mkononi, bomba limening'inia shingoni. Walicheka hadi wakakaa chini. Yule bwana akamwambia kwamba hajawahi kusikia dume mwenye hasira kiasi kile, na wakagawana kahawa.

Kisa hicho tunakirudia kila mwaka kwa sababu kinachekesha, na kwa sababu kina somo zito: usilenge sauti, usilenge mtikisiko wa majani. Mwone mnyama mzima, na uone kilicho nyuma yake. Wakati wa msimu wa bunduki sheria inakutaka uvae rangi ya machungwa inayong'aa, isiyopungua inchi za mraba 400, juu ya kiuno. Kulungu hawaioni rangi ile kama tunavyoiona sisi, kwa hiyo haikupunguzii nafasi ya kupata chochote. Kizibao hicho usikivue hata unapokwenda haja.

Mnyama akishapigwa, kaa chini na utulie nusu saa. Aliyejeruhiwa akifukuzwa mara moja hukimbia mbali, akiachwa hulala karibu. Tia alama pale aliposimama, ndipo ufuate damu polepole.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Adui wa nyama ni joto, na elki ana ngozi nene na manyoya mazito yanayolitunza hata kukiwa na theluji. Nyama ya kwanza kuharibika ni ile ya paja, ndani kabisa, karibu na mfupa. Usimwache alale mzima mpaka asubuhi. Sisi hatupasui tumbo. Tunamlaza ubavu, tunachana ngozi kwenye uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani, tunaishusha kuelekea tumboni, halafu tunatoa vipande upande huo. Mguu wa mbele ni rahisi ajabu: hauna kiungo cha mfupa na mwili, umeshikwa na misuli tu. Mwenzako akiuinua, kisu kinapita kati ya bega na mbavu bila kugusa mfupa hata mmoja, na mguu unabaki mikononi mwake. Paja lina kiungo cha duara, unakitafuta kwa ncha ya kisu, unakata ule mshipa mweupe wa katikati, nalo linaachia. Kisha nyama ya mgongo, shingo, na sarara iliyo ndani chini ya uti. Mgeuze, urudie upande wa pili. Montana inakataza kutupa nyama inayolika: miguu yote minne, nyama ya mgongo na sarara lazima zitoke porini, hata kama uchovu unakuua.

Kila kipande kiingie kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, kining'inizwe kivulini. Usitie nyama yenye joto kwenye mfuko wa plastiki, itachacha kabla hujafika nyumbani. Na nyama isogezwe mbali na utumbo na mabaki, mahali unapoweza kuiona kwa darubini kabla hujaikaribia, kwa sababu hii ni nchi ya dubu. Ukirudi kuchukua mzigo wa pili, piga kelele, na kopo la pilipili ya kupulizia dubu liwe kiunoni, lisiwe ndani ya begi. Ukikuta dubu ameshaifikia, rudi nyuma polepole, hiyo si nyama yako tena.

Kubeba ndiko kwenye visa. Paja moja la dume, likiwa na mfupa wake, linaweza kufika kilo 25 na zaidi, na hesabu inataka mtu mmoja aende na kurudi mara nne au tano. Majirani zetu wawili, mtu na binamu yake, walibeba mapaja usiku, theluji ikianguka, wakavuka kilele kidogo wakidhani ndio ule walioupanda asubuhi. Walitokea kwenye barabara safi kabisa, ila haikuwa barabara yao. Gari lao lilikuwa ng'ambo ya mlima. Mfugaji aliyekuwa akipita na lori la nyasi aliwapakia, wakasafiri wamekumbatia mapaja kama watoto wachanga, na mfugaji njia nzima akiwauliza kama huko kwao elki wanabebwa hivyo. Dawa yake: weka alama ya mahali gari lilipo kwenye simu kabla hujaliacha, pakua ramani mapema, na simu ikae ndani ya koti karibu na mwili, maana baridi humaliza betri.

Kulungu ni mwepesi, na kwenye theluji anavutwa vizuri juu ya kile kidau cha plastiki ambacho watoto huchezea. Ila kamba ziwe mbili, moja mbele ya kuvuta na nyingine nyuma ya kuzuia. Shemeji mwingine alifunga ya mbele tu. Kwenye mteremko wa mwisho kidau chekundu kilimpita, kikamnyang'anya kamba, kikashuka na kulungu wake kwa kasi ya pikipiki, kikasimama kando ya gari la familia moja iliyokuwa ikinywa supu maegeshoni. Tulipofika tukihema, mama mmoja alituuliza kwa upole kabisa, "Huyu kulungu ni wenu?"

Jikoni sitakaa sana. Nyama hii haina mafuta, kwa hiyo sarara na mgongo vipikwe haraka kwenye moto mkali na visikaushwe, muundi na shingo vichemshwe taratibu kwa saa kadhaa. Mishikaki ya elki kwa ndimu na tangawizi imewafanya majirani zangu Wamarekani wabishe hodi bila mwaliko.

Lililo muhimu zaidi ni ugonjwa wa prioni, yaani protini zilizoharibika umbo, unaowakondesha kulungu mpaka wanakufa. Uligunduliwa kwa kulungu wa porini wa Montana mwaka 2017. Hakuna binadamu anayejulikana kuupata, lakini mamlaka za afya zinashauri nyama ya mnyama aliyethibitika kuwa nao isiliwe, na kupika hakuuondoi. Kipimo huchukuliwa kwenye tezi za shingoni, na kulungu aliyeugua anaweza kuonekana mzima kabisa. Pimisha, na kila pakiti unayoweka kwenye friza iandike tarehe na ni ya mnyama gani. Ukipata kulungu wawili, usisage nyama yao pamoja kabla majibu ya wote wawili hayajarudi.

Msomaji, Missoula