Kabla Hujapanda Mlima na Kamera: Ushauri kwa Wanaoanza Kutengeneza Filamu za Safari

Kila baada ya likizo, vijana wa hapa Kisumu, na wengine wa Kakamega na Nakuru, hunitumia filamu zao za safari wakitaka maoni. Nyingi zinapendeza macho: kasoko ya Menengai ikionekana kutoka angani, mitumbwi ya Dunga alfajiri, viatu vikikanyaga matope ya Msitu wa Kakamega, na hatimaye mtu amesimama kileleni ameinua mikono huku muziki ukipanda. Hata hivyo, nikifika mwisho sijui mtu huyo ni nani, alitoka nyumbani akitafuta nini, wala kama alirudi akiwa yule yule. Nimeifanya kazi hii kwa muda mrefu katika eneo letu la magharibi, na nimeshawishika kwamba filamu ya safari husimama juu ya haja ya mtu mmoja, na kwamba haja hiyo ni lazima ijulikane kabla kamera haijawashwa.

Si mimi wa kwanza kuliona hili. Robert Flaherty, Mmarekani aliyekuwa akitafuta madini kaskazini mwa Kanada, alipiga picha nyingi za maisha ya Wainuit, wenyeji wa huko. Mwaka 1916, akiwa Toronto, sigara yake iliangukia filamu hizo na futi zipatazo 30,000 zikateketea. Nakala moja ilisalimika, lakini kila alipoitazama aliona kwamba haikuwa na mshikamano. Lilikuwa tukio hili, kisha lile, pasipo uzi wa kuyaunganisha. Aliporudi kaskazini, aliamua kumfuata mwindaji mmoja na jamaa yake katika juhudi zao za kupata chakula, na filamu iliyotokana na uamuzi huo, Nanook of the North ya mwaka 1922, ingali inafundishwa hadi leo. Ina dosari zake pia, nami nitazigusa baadaye.

Haja ya mhusika haipatikani kwa kumuuliza mbele ya kamera, kwa maana mbele ya kamera kila mtu hujibu kwamba anapenda mandhari. Ketini naye kwanza, mnywe chai, mzungumze mambo ya kwao. Dada mmoja niliyemfuata hadi Mlima Elgon aliniambia mwanzoni kwamba alitaka tu kufika kilele cha Koitobos, chenye urefu wa mita 4,222 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa katika mazungumzo ya baadaye, tena alipokuwa akizungumzia jambo jingine kabisa, ndipo alipotaja kwamba babu yake alikulia katika nyanda za juu za mlima huo kabla ya jamaa kuhamia upande wa Kitale, na kwamba alimsimulia habari za ndovu wanaoingia ndani ya mapango usiku kula mawe. Alipokuwa mtoto aliamini. Alipokua aliziweka pamoja na hadithi za sungura na fisi, na babu akafariki dunia kabla hawajalizungumza tena. Tangu aliponieleza hayo, nilijua filamu yetu ilikuwa wapi, na kilele hakikuwa sehemu muhimu tena.

Ndovu wa Elgon kweli wamekuwa wakiingia katika Pango la Kitum, ambalo linapenya mlimani kwa takriban mita 200. Hupapasa njia gizani kwa mikonga, huuchimbua mwamba kwa pembe, wakausaga kwa magego na kumeza ili wapate chumvi ambayo majani ya mlimani hayana ya kutosha. Tulipoingia tulivaa barakoa na glavu, na hatukuwasumbua popo, kwa sababu wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi wanaobebwa na popo, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikuwa wamezuru pango hilo kabla ya kuugua. Kamera yangu ilikuwa inarekodi tangu mlangoni. Mzee aliyetuongoza aliinamisha tochi hadi mwanga ukalala ubavuni mwa ukuta, na papo hapo mikwaruzo ya pembe ikajitokeza, mingine mirefu kuliko mkono wa mtu. Dada yule aliingiza kidole katika mkwaruzo mmoja, akaufuata polepole hadi mwisho wake, akarudi mwanzo, akaufuata tena. Kisha akasema, bila kutugeukia, “Kumbe babu alisema kweli.” Yule mzee akamjibu, “Babu yako alikuwa mtu wa huku, mama. Angekudanganyia nini?”

Hilo ndilo ninalolitafuta katika filamu za aina hii: mtu kujua jambo ambalo hakulijua alipotoka nyumbani, na mtazamaji kushuhudia anavyolijua. Lau nisingefahamu habari za babu, ningeuona ukuta wa pango tu, na pengine ningezima kamera ili nitunze betri kwa ajili ya kilele.

Ndiyo maana nawasihi mrekodi saa ambazo zinaonekana hazina tukio. Mabadiliko ya mtu hayajitokezi katika maneno ya kujitangaza. Sauti ya msimulizi ikisema “safari hii ilinibadilisha” haimshawishi mtu yeyote, hata ikiwa ni kweli. Hujitokeza katika mwenendo. Siku ya kwanza mhusika hubebewa maji, siku ya tatu yeye ndiye anayewagawia wenzake. Mwanzoni anauliza kila mara kumebaki umbali gani, baadaye anauliza jina la mti. Mambo hayo hutokea wakati wa kufunga kamba za viatu, kupika, kubishana kuhusu njia, kukaa hemani mvua ikinyesha. Mpiga picha anayewasha kamera kwenye mandhari tu atarudi na mlima bila mtu. Vilevile, rekodi mwanzo vizuri, kule nyumbani, kabla ya mizigo kufungwa, kwani bila kumwona mhusika katika maisha yake ya kawaida, mtazamaji hana cha kulinganisha.

Kamera nayo huwa na uzito kwa mtu aliye hatarini, na suala hili nalichukulia kwa umakini kuliko mengine yote. Alex Honnold alipoukwea mwamba wa El Capitan huko California bila kamba mwezi Juni mwaka 2017, ukuta wa kimo cha mita 900 hivi, watengenezaji wa filamu ya Free Solo walijua kwamba kuwapo kwao tu kungeweza kumyumbisha. Wapiga picha walikuwa wakweaji stadi, na katika sehemu ngumu kupita zote waliweka kamera za kuendeshwa kwa mbali ili asiwepo mtu wa kumtazama kwa karibu. Sisi hatuna El Capitan, lakini tuna Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo asubuhi laweza kuwa shwari na alasiri upepo wa kutoka ziwani ukalichafua. Nahodha akisema turudi, rudini. Msimwombe asubiri jua litue kwa sababu mwanga utakuwa mzuri, kwa maana heshima aliyo nayo kwa wageni yaweza kumfanya akubali jambo ambalo peke yake asingelithubutu. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe na kila aliye chomboni, akiwamo mpiga picha anayedai kwamba zinambana. Mlimani ni vivyo hivyo: kuanzia mita 2,500 hivi mtu anaweza kushikwa na ugonjwa wa mwinuko, na mhusika anayeumwa kichwa na kutapika anapaswa kuteremshwa, si kurekodiwa akipanda.

Kuhusu sauti, wengi hununua kamera ya pili kabla ya kununua maikrofoni ya maana. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini upepo ukivuma ndani ya maikrofoni kwa dakika nzima huondoka. Kifuniko cha manyoya ni cha bei nafuu na husaidia sana. Aidha, kila mahali mnapopita, waombeni wote wanyamaze kwa dakika moja mrekodi mahali penyewe: hondohondo na mbega wa Kakamega, injini ya boti ikizimwa, mvuke ukitoka ardhini. Kule Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo panga kazi yako kubwa iwe ya asubuhi, kisha itumie mvua yenyewe kurekodi sauti ukiwa umejikinga.

Vibali havikwepeki. Wasiliana na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kuhusu leseni ya kupiga filamu, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori au lile la Huduma za Misitu kutegemea nani anayesimamia eneo unalokwenda. Droni huhitaji kusajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na hairuhusiwi kurushwa hifadhini bila idhini ya pekee. Andika barua mapema. Zaidi ya karatasi hizo kuna ruhusa ya watu. Akina mama wanaoanika omena juu ya nyavu ufuoni si sehemu ya mandhari yako. Wasalimie, jieleze, uliza, na akikataa mmoja, igeuze kamera. Nimezoea kurudi na filamu iliyokamilika na kuwaonyesha waliomo, na ningependa kila mtengenezaji afanye hivyo kabla ya kuipeleka kwenye maonyesho yoyote.

Sasa nirudi kwa Flaherty. Jamaa aliyoionyesha haikuwa familia ya kweli bali watu aliowakusanya yeye mwenyewe, na nyumba ya theluji ilikatwa upande mmoja ili mwanga uingie. Nionavyo mimi, kumwomba mtu avuke kijito mara ya pili ili umpate kutoka ng'ambo si dhambi. Kumwomba alie tena, ashangae tena, au ajifanye amepotea njia, ni kumvunjia heshima yeye na mtazamaji. Ukikosa tukio, likubali kuwa limekukosa, kisha mwache mhusika alisimulie kwa maneno yake jioni motoni.

Betri hupungua nguvu haraka kwenye baridi ya Elgon, hivyo zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Nakili kazi ya siku katika diski mbili, na diski hizo zibebwe na watu wawili tofauti.

Anayeuliza aanzie wapi namshauri aanzie mahali panapofikika kwa matatu. Mawe ya Kit Mikayi yako kwenye barabara ya Kisumu kuelekea Bondo, na huko huenda waumini kusali, wengine wakitoka mbali. Kila mmoja wao ana haja iliyomtoa nyumbani, na kwa hiyo kila mmoja ana filamu. Nenda mara ya kwanza bila kamera. Kaa nao, sikiliza, na ukimpata mmoja aliye tayari kufuatwa, muulize ni lini anaondoka tena nyumbani, ili siku hiyo uwe mlangoni kwake kabla hajafunga mzigo.